Mimi ni kundi O: kwa nini mke wangu hakuwekewa damu yangu?

Swali la msomaji:

"Mtaalamu, shikamoo. Mimi ni mkazi wa Ukerewe. Mke wangu alijifungua mtoto wetu wa kwanza kwa upasuaji katika hospitali moja hapa Mwanza, baada ya kupewa rufaa kutoka kisiwani. Alitokwa na damu nyingi, tukaambiwa anahitaji chupa mbili. Nikawaambia mimi ni O, nitoeni yangu mumwekee. Kweli walinitoa, lakini chupa iliyoletwa wodini ilikuwa ya mtu mwingine kabisa, na yangu ikaondoka kwenye boksi la barafu. Nilipouliza nikajibiwa 'yako haimfai', basi. O si anampa kila mtu? Kesho yake nikatumwa kununua sindano ya bei kubwa ambayo mpaka leo sijui ilikuwa ya nini. Mke wangu ni B hasi, mimi O chanya, mtoto amepimwa O chanya. Sasa hata mama yangu anauliza, mtoto wa mama B anakuwaje O? Naomba unieleweshe."

Jibu:

Marahaba, ndugu yangu. Hongera kwa mtoto, na mfikishie mama yake pole zangu. Kupoteza damu kiasi cha kuhitaji chupa mbili si jambo dogo.

Nianze na hukumu, maelezo yafuate. Waliokuambia damu yako haimfai mkeo walikuwa sahihi. Walipokosea ni kukuacha koridoni bila maelezo, ukabaki unawaza kwamba damu yako imeuzwa. Kwa miaka niliyofanya kazi kwenye benki ya damu nimeona tuhuma nyingi za namna hiyo zinazaliwa na ukimya wetu sisi watu wa makoti meupe. Wizi nao upo, ila unakaa mahali pengine, na nitaufikia.

Tuanze na hiyo "O anampa kila mtu". Wengi tuliikariri sekondari, na ubaya wake ni kwamba ina ukweli nusu. Juu ya kila chembe nyekundu ya damu kuna alama ambazo kitaalamu huitwa antijeni. Mwenye alama A ni kundi A, mwenye B ni kundi B, mwenye zote mbili ni AB, na asiye na hata moja ni O. Aliyelifumbua fumbo hili ni Karl Landsteiner, daktari wa Vienna, aliyechanganya damu za wenzake wa maabara na kuona nyingine zinashikamana mabonge na nyingine zinatulia. Alitangaza makundi matatu mwaka 1901, la AB likaongezwa mwaka uliofuata, na Nobel akaipata 1930. Alizaliwa Juni 14, ndiyo maana Siku ya Wachangia Damu Duniani ikawekwa tarehe hiyo, ile mnayoona mahema yanafungwa viwanjani.

Lakini alama peke yake haimdhuru mtu. Kinachodhuru ni kingamwili zilizomo kwenye plazma, yaani maji ya damu. Mtu wa kundi A ana kingamwili zinazoishambulia B, wa B anazo za kuishambulia A, wa O anazo zote mbili, na wa AB hana. Na hizi hazisubiri mtu aongezewe damu kwanza. Mtoto huanza kuzitengeneza akiwa na miezi michache tu, kwa sababu vijidudu vya kawaida vya tumboni vina alama zinazofanana na hizo A na B. Kwa hiyo mkeo, bila kuwahi kuguswa na damu ya mtu yeyote, tayari ana jeshi linaloisubiri damu ya kundi A. Ingeingia hiyo kwa makosa, chembe zingepasukia ndani ya mishipa, shinikizo la damu lingeanguka, figo zingeumia, na damu ingeanza kuvuja mpaka kwenye tundu la sindano. Haihitaji chupa nzima. Mililita za kwanza kwanza zinatosha kuanzisha balaa.

Sasa O. Chembe zake nyekundu hazina alama A wala B, kwa hiyo kingamwili za mpokeaji hazioni cha kushambulia. Huo ndio ukweli nusu. Nusu nyingine ni kwamba plazma ya O imebeba kingamwili dhidi ya A na dhidi ya B. Chupa uliyotoa wewe ikiwekwa kama ilivyo, damu nzima, inaingia na kingamwili zinazoshambulia chembe za mkeo aliye B. Kiasi kidogo mwili unaweza kukimudu, lakini kwa mama ambaye damu yake mwenyewe imeshapungua huko ni kubahatisha. Kwa hiyo tunaposema O anafaa kwa wote tunazungumzia chembe nyekundu zilizotenganishwa na plazma yake. Kwenye plazma mambo yanageuka: anayefaa kwa wote ni AB, na O ndiye asiyefaa isipokuwa kwa O mwenzake.

Na hapo bado hatujagusa neno chanya. Herufi ni nusu tu ya jina la damu. Ukisema "mimi ni O" ukanyamaza, maabara hujatuambia kitu cha kutosha. Kuna alama nyingine, D, ya kundi la Rhesus, iliyojulikana vizuri kuanzia 1940. Mwenye D ni chanya, asiye nayo ni hasi. Kwetu huku walio hasi ni wachache sana, hawafiki mtu 1 kati ya 10, tofauti na Ulaya ambako ni karibu watu 15 katika kila 100. Uchache huo una gharama yake: siku mtu wa B hasi anapohitaji damu usiku wa manane, friji inaweza kuwa imejaa chupa na isiwe na hata moja ya kumfaa. O wapo wengi, karibu nusu ya watu wetu. Ila karibu wote ni O chanya kama wewe.

Tofauti na A na B, mtu hasi hazaliwi na kingamwili dhidi ya D wala haziamki zenyewe. Anazitengeneza akikutana na damu chanya, ama kwa kuongezewa ama kwa ujauzito, na akishazitengeneza zinakaa naye. Kwa mwanaume mzee aliyepata ajali hilo linaweza kuvumiliwa. Kwa binti au mama ambaye bado atazaa ni kumwekea mtego kwenye mimba zijazo. Kwa hiyo O chanya yako kwa mke B hasi ilikataliwa mara mbili, kwa plazma na kwa D. Lingekuwa suala la kufa na kupona, hakuna hasi ya kufaa mkoa mzima, daktari angeweza kuamua aongezewe chembe nyekundu za chanya, kwa sababu maisha hutangulia na mengine hushughulikiwa baadaye. Lakini huo ni uamuzi wa daktari akiwa amebanwa ukutani. Si wa mume aliyekuja na moyo mzuri.

Kuna sababu nyingine ambayo watu wengi hawaijui. Hata mngekuwa wote B chanya, bado mume si chaguo zuri la kumpa damu mke anayezaa. Mtoto amebeba nusu ya alama zake kutoka kwako, na katika ujauzito na kujifungua chembe zake kidogo hupenya kwenda kwa mama. Mwili wa mama unaweza kuwa umeshatengeneza kingamwili dhidi ya alama zako hasa, si za jirani. Na asipokuwa nazo, kumwekea damu yako kunaweza kuzianzisha, zikaja kumsumbua mtoto wa pili. Ndugu wa damu nao wana hatari yao: chembe nyeupe za kaka, dada, mama au baba zinaweza kufanana na za mgonjwa kiasi cha mwili wake kutozitambua kama wageni, zikakaa, zikaota mizizi, kisha zikaanza kuushambulia mwili uliozipokea. Hutokea mara chache, lakini anayepatwa na hali hiyo kwa kawaida haponi. Nchi zenye uwezo huipiga damu ya ndugu mionzi kwanza ili kuziua chembe hizo.

Kwa hiyo ule usemi wa wodini kwamba damu ya ndugu ndiyo salama, mimi siukubali hata kidogo. Na nina sababu ya kibinadamu kuliko hizo za kimaabara. Mtu anayetoa damu huku mgonjwa wake yuko chumba cha upasuaji anaulizwa maswali ya faragha: umewahi kuugua manjano, una wapenzi wangapi, umechanjwa chale hivi karibuni? Shemeji amesimama nyuma yake. Atajibu kweli?

Majibu yale yana uzito kwa sababu vipimo vina ukomo. Kila chupa ya damu nchini hupimwa virusi vya UKIMWI, homa ya ini B, homa ya ini C na kaswende. Hakuna chupa inayotakiwa kuwekwa bila hivyo vinne. Lakini mtu akiambukizwa leo, kipimo hakitaona kitu kesho. Zipo siku, hata wiki, ambazo ugonjwa umo kwenye damu na karatasi inasoma hakuna. Ndiyo maana namwomba kila mtu asije kuchangia ili apate kupima UKIMWI bure. Vituo vya kupima vipo, havihitaji chupa ya damu ya mtu. Mtu mzuri kwetu ni yule anayekuja akiwa hana mgonjwa, hana haraka, hana cha kuficha, na anarudi tena. Huyo tumempima mara nyingi.

Sasa ile chupa yako iliyoondoka kwenye boksi la barafu. Haikuibwa. Tangu mwaka 2004 nchi yetu ina Mpango wa Taifa wa Damu Salama, na Mwanza ndipo kilipo kituo cha Kanda ya Ziwa. Kabla ya hapo kila hospitali ilijitafutia: ndugu wanapangwa foleni, wanapimwa haraka haraka, damu inatoka kwa huyu na kuingia kwa yule ikiwa bado ya moto. Utaratibu wa sasa ni tofauti. Damu inakusanywa, sampuli zinapimwa, inahifadhiwa, na anayeihitaji anapewa ile ambayo imeshamaliza vipimo. Ni kama kikoba chenu: hela uliyoweka wewe Jumamosi anakopeshwa mwenzako, na siku yako ikifika unapewa ya wengine. Mkeo alipewa damu ya mtu aliyetoa kabla, ama ya B hasi ama chembe nyekundu za O hasi. Yako ilikwenda kupimwa na huenda imeshamfaa mtoto wa malaria kule Magu au majeruhi wa bodaboda Buzuruga.

Na ni lazima iende haraka, kwa sababu damu haikai kama dagaa wa kukaushwa. Damu nzima ikiwekwa kwenye friji ya nyuzi 2 hadi 6 inadumu siku 35 tu. Chembe sahani, zile za kuzuia kuvuja, hudumu siku 5, tena nje ya friji zikitikiswa muda wote. Plazma peke yake ndiyo inayogandishwa ikakaa miezi. Kinachokubalika duniani kama kiasi cha chini ni uniti, yaani chupa, sawa na asilimia 1 ya idadi ya watu kwa mwaka. Sensa ya 2022 ilihesabu karibu watu milioni 3.7 mkoani Mwanza, kwa hiyo tunazungumzia uniti 37,000 kwa mwaka, kama 100 kila siku ya Mungu, Jumapili na Idi zikiwemo. Wachangiaji wetu wakubwa ni wanafunzi wa sekondari. Shule zikifungwa, friji inaanza kulia, na ndipo ndugu wa wagonjwa wanapoombwa walete watu wa kufidia. Sipendi utaratibu huo, kwa sababu nilizokwisha kutaja, lakini siwezi kumlaumu mwenzangu wa zamu mwenye chupa tatu na wagonjwa tisa.

Wizi niliosema nitaufikia ni huu: damu haiuzwi. Akija mtu getini, awe kishoka wa nje au mwenye kitambulisho shingoni, akakwambia "toa kidogo nikufanyie mpango wa chupa", huyo si benki ya damu. Mpeleke kwa uongozi wa hospitali. Mtu anayetoa damu kwa kulipwa ndiye hasa mwenye sababu ya kudanganya kwenye yale maswali.

Nirudi kitandani kwa mkeo, maana hapo ndipo makosa makubwa hutokea. Wengi hudhani hatari iko maabara, kwamba mtu atasoma vibaya A na B. Hutokea, lakini nadra. Makosa mengi yanayoua ni ya majina: sampuli ya Mariamu wa kitanda cha 4 imeandikwa Mariamu wa kitanda cha 7. Maabara itafanya kazi yake vizuri kabisa, juu ya damu ya mtu mwingine. Kabla ya kutoa chupa tunafanya krosmachi, yaani tunachanganya kidogo damu ya mchangiaji na maji ya damu ya mgonjwa tuone kama zinapatana. Kipimo hicho huonyesha hata kingamwili zisizohusiana na ABO. Ila hakiwezi kujua kwamba tyubu ina jina lisilo lake.

Kwa hiyo nesi akija na sindano ya kuchukua sampuli akauliza "unaitwa nani?", mwache mgonjwa ajibu mwenyewe kama anaweza. Usimjibie kwa haraka. Chupa ikija, watu wawili wanatakiwa kulinganisha jina, namba ya hospitali, kundi, namba ya chupa na tarehe ya mwisho, pale pale kando ya kitanda. Wakifanya hivyo wasionekane wanachelewesha.

Na hapa niseme jambo ambalo litawaudhi baadhi ya wasomaji. Acheni kulaza wagonjwa kwa kadi ya bima ya mtu mwingine. Najua maisha ni magumu, na dada akiwa na bima kishawishi ni kikubwa. Lakini mdogo mtu akilazwa kwa jina la dada yake, kundi lake linaandikwa kwenye faili la dada. Mwaka kesho dada mwenyewe analetwa amezimia, faili linasema A, yeye ni O. Maabara makini itampima upya na kugutuka. Siku ya heka heka, sina uhakika nani atagutuka.

Damu ikishaanza kuingia, dakika 15 za kwanza ndizo za kukaa macho. Mgonjwa akilalamika mgongo au kiuno kinamuuma ghafla, kifua kinabana, anatetemeka, homa imepanda, anawashwa mwili mzima, au mkojo umekuwa wa rangi ya kola, mwite nesi aifunge damu hapo hapo. Msijadiliane kwanza. Chupa isitupwe, inarudi maabara kuchunguzwa. Vingine ni vya kukataza tu: chupa isipashwe kwenye maji ya moto wala kuanikwa dirishani eti iishe ubaridi, maana chembe zitapasuka ndani ya mfuko, isichomekwe dawa wala maji ya glukosi kwenye mpira huo huo, na ikitoka kwenye friji imalize kuingia ndani ya saa 4.

Wapo pia wanaoomba damu kama wanavyoomba dripu ya nguvu. Damu si ya kuondoa uchovu. Kila chupa ina hatari yake ndogo, na isiyohitajika ina hatari bila faida. Kwa watoto wenye malaria, ambao ndio walaji wakubwa wa damu katika kanda hii, mwongozo ni kumwongezea yule ambaye HB yake, yaani kipimo cha wingi wa damu, iko chini ya 4, au chini ya 6 akiwa na dalili za hatari kama kupumua kwa shida au kupoteza fahamu. Utafiti mkubwa uliofanywa Uganda na Malawi na kutangazwa 2019 ulionyesha kwamba watoto wa kati ya 4 na 6 wasio na dalili hizo hawakupata nafuu ya ziada ya maisha kwa kuwahishiwa damu, mradi waliangaliwa kwa karibu na kuongezewa pale hali ilipobadilika.

Sasa sindano yako ya bei kubwa. Hiyo ilikuwa anti-D, na pesa yako haikupotea. Mkeo ni hasi, mtoto ni chanya. Wakati wa kujifungua, na zaidi kwa upasuaji, damu kidogo ya mtoto huingia kwa mama. Mwili wake ukipata muda ungetengeneza kingamwili dhidi ya D. Mtoto huyu wa kwanza asingedhurika, ameshatoka. Anayelipa ni wa pili: kingamwili zinavuka kondo la nyuma, zinapasua chembe za mtoto tumboni, anazaliwa na upungufu wa damu na manjano makali, au hazaliwi hai. Nina hakika wapo akina mama visiwani walioitwa wamerogwa kwa sababu mtoto wa kwanza ni mzima na waliofuata wote wamekufa, na hakuna aliyewahi kuwapima Rhesus.

Anti-D inafagia zile chembe za mtoto kabla mwili wa mama haujazitambua. Inatakiwa ichomwe ndani ya saa 72 baada ya kujifungua, kwa kawaida mikrogramu 300. Imekuwapo tangu 1968 na inatengenezwa kwa plazma ya watu wenye kingamwili hizo, wachangiaji ambao dunia inawadai. James Harrison wa Australia, aliyefariki 2025, alitoa plazma zaidi ya mara 1,100. Na kwa mkeo ilihitajika hasa. Baba angekuwa kundi A na mtoto akairithi hiyo A, kingamwili za mama dhidi ya A zingeziua chembe za mtoto upesi na kupunguza uwezekano wa mwili kuitambua D. Mtoto wenu ni O, hana cha kushambuliwa haraka, chembe zake zingedumu.

Swali la mama yako ni jepesi. Kila mtu amepokea herufi mbili, moja kwa baba, moja kwa mama, na O hujificha ikikutana na B. Wewe ni O na O. Mkeo anasoma B lakini ndani yake ni B na O. Alimpa mtoto ile O, wewe ukampa O yako, mtoto akawa O. Angeweza vilevile kuwa B. Na D chanya ameitoa kwako, kwa hiyo mwambie bibi mjukuu ni wake na aache kuhesabu herufi. Makundi ya damu hayakuwekwa ili kuthibitisha baba ni nani.

Kwa kuwa tumefika kwenye herufi: usije ukachanganya na AA, AS au SS. Hizo si makundi ya damu, zinahusu aina ya himoglobini, yaani selimundu. Mtu anaweza kuwa O chanya na AS kwa wakati mmoja. Na huku Kanda ya Ziwa si jambo la kupuuza: upimaji wa watoto wachanga ulioongozwa kutoka hospitali ya Bugando ulikuta karibu mtoto 1 kati ya 5 ana AS, na zaidi kidogo ya 1 katika kila 100 ana ugonjwa wenyewe. Kama hamjapima, pimeni wewe na mkeo kabla ya mimba ya pili.

Kuhusu mimba hiyo, fanyeni hivi. Karatasi ya "B hasi" na ushahidi wa anti-D aliyochomwa viwekwe pamoja na kadi ya kliniki, sio kwenye simu itakayoibiwa sokoni Mwaloni. Siku ya kwanza ya kliniki mkeo aseme mwenyewe kwamba ni hasi na aliwahi kuongezewa damu, kisha aombe kipimo cha Coombs kuona kama ana kingamwili tayari. Zikikutwa, sindano ya anti-D haimsaidii tena na mimba itafuatiliwa na daktari bingwa. Zisipokuwapo, kuna sindano ya wiki ya 28, na nyingine ndani ya saa 72 baada ya kujifungua kama mtoto ni chanya. Mimba ikiharibika, au akitokwa na damu katikati ya mimba, sindano inahitajika pia, na hapo ndipo wengi husahau. Si kila kituo kinayo na bei unaijua, kwa hiyo anzeni kuiwekea akiba mapema, na mjifungulie mjini penye benki ya damu. Msisubiri uchungu uanzie Nansio, huko kisiwani, ndipo mtafute boti.

Dada zake na wadogo zake wa kike nao wapimwe. Uhasi hurithiwa, na yumkini mmoja wao ni hasi na hajui. Wewe, kama uzito wako unafika kilo 50 na HB yako ni nzuri, unaruhusiwa kuchangia tena miezi 3 baada ya ile chupa. Mkeo asubiri mpaka amalize kunyonyesha na damu yake irudi sawa.